Shajara ya ujenzi: msikiti wetu wa Majengo, bara ya Kenya

Machi 2024

Kamati ya ujenzi imeniomba niandike shajara hii ili kila aliyechanga, awe hapa mtaani au ughaibuni, ajue kazi imefika wapi na kwa nini tumeamua tulivyoamua. Mimi ni katibu wa kamati na mwalimu wa madrasa. Hesabu za fedha zina daftari lake kwa mweka hazina. Hapa nitaandika ya jengo na ya watu, na nikitoa maoni yangu nitasema ni yangu.

Msikiti uko Majengo, jina ambalo utalikuta katika miji mingi ya zamani ya bara. Ndiko walikokaa Waislamu wa mwanzo enzi za ukoloni: wafanyabiashara na mafundi kutoka pwani, askari wa Kinubi waliomaliza utumishi, Wahindi wa reli na maduka, Wasomali wa mifugo, kisha wenyeji waliosilimu na kuoana nao. Nairobi ilikuwa na Pumwani yake tangu miaka ya 1920, nayo miji midogo kama wetu ikawa na Majengo yake. Jengo tulilorithi lina kuta za udongo zilizopigwa plasta ya saruji, na mabati yaliyokwisha kuliwa na kutu. Mvua ndefu zikianza, maji yanafika safu ya pili, na wazee wanahamisha mabusati huku imamu akiendelea kusoma.

Sensa ya 2019 ilionyesha Waislamu ni karibu asilimia 11 ya Wakenya, na wengi wao wako pwani na kaskazini mashariki. Huku kwenye miteremko ya mlima tu wachache mno. Uchache huo ndio ninaotaka tuufikirie kabla ya kufikiria saruji. Penye Waislamu wengi, mtaa mzima unausaidia msikiti: maiti ina mahali pa kuoshewa, msafiri ana pa kulala, mtoto anasomeshwa Kurani nyumba ya tatu kutoka kwao. Kwetu yote hayo yanategemea paa moja. Na paa hilo linatazamwa kila siku na majirani wengi ambao hawajawahi kukanyaga ndani, wala hawajui kama wanaruhusiwa.

Aprili 2024

Kikao cha kwanza cha ramani kilianza baada ya Isha na kikavuka saa nne za usiku.

Vijana walikuja na picha kwenye simu: kuba kubwa la dhahabu, minara miwili, vioo vya rangi. Kijana mmoja akaniuliza, na aliuliza kwa heshima, "Mwalimu, msikiti bila kuba na mnara watu watajuaje kwamba ni msikiti?" Swali hilo lina uzito. Mtoto aliyekua katika mji ambao makanisa yana minara ya kengele inayoonekana toka barabara kuu, naye anataka dini yake ionekane. Sikutaka anyamazishwe, na mwenyekiti naye hakutaka.

Niliwaomba tuanzie Madina. Msikiti wa Mtume, rehema na amani zimshukie, ulikuwa na kuta za matofali ya udongo, nguzo za magogo ya mitende na paa la makuti. Haukuwa na mnara. Bilal aliadhini akiwa juu ya nyumba ya mwanamke mmoja wa ukoo wa Banu Najjar, iliyokuwa ndefu kuliko nyumba za jirani. Mihrabu ya kuingia ukutani, anaposimama imamu, tunayoiona leo ilikuja baadaye, Umar bin Abdul-Aziz alipoujenga upya msikiti huo kwa amri ya Khalifa al-Walid kati ya 707 na 709. Kilichokuwapo tangu siku za mwanzo ni ua, kivuli, na suffa, pale walipokaa masikini na wageni wasio na pa kwenda.

Halafu pwani yetu wenyewe. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa hati za Kiarabu, kwenye mihrabu yanayotaja mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Msikiti mkuu wa Gedi, karibu na Malindi, ulijengwa kwa matumbawe na chokaa, paa bapa, bila mnara. Misikiti mingi ya kale ya Waswahili ilikuwa hivyo, na muadhini alipanda ngazi hadi juu ya paa. Mnara wa Shela kule Lamu, ule uliochongoka, ni wa 1829, na unajulikana sana kwa kuwa ni wa aina yake. Lakini haki isemwe: kuba nazo tunazo katika urithi wetu. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulikuwa na makuba mengi juu ya nguzo zake, kwa hiyo kijana anayependa kuba hajaazima kitu cha watu.

Ustadh wetu, aliyesoma nje, akaongeza mifano ya Waislamu walio wachache kama sisi. Msikiti Mkuu wa Xi'an nchini China una ua baada ya ua, mapaa ya vigae yaliyopinda ncha, na mnara wenye umbo la pagoda, kwa sababu waliojenga walikuwa mafundi wa pale na ndivyo walivyojua kujenga. Cambridge, Uingereza, msikiti uliofunguliwa 2019 umesimama juu ya nguzo za mbao zinazotanuka juu kama matawi, una kuba dogo na hauna mnara, na mbele yake kuna bustani ambayo mpita njia yeyote anaruhusiwa kukaa. Hiyo bustani ndiyo iliyonikaa moyoni kuliko nguzo.

Hatukukubaliana kuhusu umbo. Tulikubaliana jambo moja tu, nalo naliona kubwa: kwanza tuandike kazi zote ambazo jengo litafanya, kisha umbo lifuate. Orodha ikajaa ubao. Swala tano na Ijumaa. Wanawake wenye mlango wao. Madrasa. Chumba cha kuoshea maiti. Futari. Malazi ya msafiri. Maji. Na mama mmoja aliyekaa nyuma kimya muda wote akasema, "Na mahali pa ndugu zetu Wakristo kukaa." Niliandika, ingawa wengine hawakuelewa bado alimaanisha nini.

Juni 2024

Vibali: ramani imepelekwa kaunti, na mradi utasajiliwa na NCA, Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, kabla ya jiwe la kwanza. Makaratasi ni mengi lakini yanasonga.

Msanifu majengo ametufundisha kupima kwa mwili wa mwenye kuswali. Mtu mmoja anahitaji upana wa sentimita 60 na urefu wa mita 1.2 ili asujudu bila kugonga visigino vya aliye mbele. Ukumbi wetu utakuwa na upana wa mita 15 na kina cha mita 12: safu kumi, watu 25 kila safu. Tumechagua upana uzidi kina kwa sababu fadhila za safu ya kwanza zinajulikana, na ukumbi mpana unawapa wengi nafasi ya kuzipata.

Nguzo ndani hakuna. Anas bin Malik amepokewa akisema kwamba zama za Mtume waliepuka kuswali baina ya nguzo, kwa kuwa zinakata safu. Kwa hiyo paa litabebwa na kenchi za chuma zinazovuka mita 12 zote. Ni ghali kuliko kuweka nguzo nne katikati. Fundi alituonyesha tofauti ya gharama waziwazi, na kamati ikakubali kulipa.

Mjadala mrefu ulikuwa nafasi ya wanawake. Ramani ya kwanza ilituweka sisi wanawake kwenye roshani juu. Nilipinga, na nitaendelea kupinga kila mahali nitakapoulizwa. Ngazi ni adhabu kwa bibi mwenye magoti mabovu na kwa mama mwenye mimba ya miezi minane au mtoto mgongoni. Hadithi iko katika Bukhari na Muslim: msiwazuie wajakazi wa Mwenyezi Mungu kwenda katika misikiti ya Mwenyezi Mungu. Na katika msikiti wa Mtume wanawake walisimama nyuma ya wanaume, sakafu moja, sauti ya imamu ikiwafikia bila waya. Mwenyekiti, mzee wa heshima na mwenye msimamo, alisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Binti yangu, roshani itolewe." Sasa tuna safu tatu za nyuma, mlango wetu upande wa mashariki, mahali petu pa udhu, na kizuizi cha mbao cha kusogezwa.

Julai 2024

Hii ndiyo wiki niliyoingoja.

Tarehe 27 na 28 Mei, kisha 15 na 16 Julai, jua la mchana hupita juu kabisa ya Makka. Mei ni saa sita na dakika 18, Julai ni saa sita na dakika 27, kwa saa za Saudia, ambazo ndizo saa zetu za Afrika Mashariki. Dakika hiyo, popote jua linapoonekana duniani, anayelielekea ameielekea Alkaaba, na kivuli cha mti uliosimama wima kinalala upande wa kinyume. Hakuna dira inayoshinda hilo, maana dira huvutwa na nondo, mabati na hata gari lililoegeshwa karibu.

Tulisimamisha bomba la mita tatu katikati ya kiwanja na kulinyoosha kwa timazi. Tarehe 15 mlima ulijifunika, kama kawaida ya Julai huku kwetu, na watoto wa madrasa wakarudi nyumbani na huzuni. Tarehe 16 wingu lilifunguka kabla ya dakika yenyewe. Kivuli kilikuwa na urefu wa mita moja na ushei. Msanifu alipigilia kigingi mwisho wa kivuli, ustadh akavuta uzi, na mstari ukawa umeelekea kaskazini, ukiegemea mashariki kidogo. Hesabu ya msanifu ilikuwa imetoa nyuzi kama sita mashariki ya kaskazini halisi, na uzi ukaafikiana nayo. Watoto wakapiga takbira. Fundi wetu, ambaye ni Mkristo na amejenga makanisa kadhaa eneo hili, alikaa akiutazama ule uzi, kisha akasema, "Kwa hivyo watu wa huku wote wanaangalia mahali pamoja na hawaonani." Ustadh akamwambia ndiyo, hivyo hasa.

Sasa tatizo. Barabara inapita mbele ya kiwanja ikiwa imepinda takriban nyuzi 30 na mstari wetu. Msikiti wa zamani ulifuata barabara, na wazee wakawa wanatandika mabusati mshazari ndani yake. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi Afrika Mashariki, kuelekea kibla kunasisitizwa sana, lakini ni kweli pia kwamba mabusati ya mshazari yalitosha miaka yote. Tungeweza kuendelea hivyo. Ila ukiswali mshazari, safu ya mwanzo inakuwa fupi kama mkia, na kila pembe inapotea.

Cairo walikutana na jambo hili mwaka 1125. Msikiti wa al-Aqmar una uso unaofuata barabara na ukumbi unaofuata kibla, na ukuta wa katikati unanenepa upande mmoja kuimeza tofauti. Tumeiga akili hiyo: ukumbi utageuka na kibla, ukuta wa nje utafuata barabara, na baina yao utabaki ua wa pembetatu. Wakati huo tulidhani pembetatu hiyo itakuwa ya viatu na baiskeli.

Oktoba 2024

Msikiti wa zamani umebomolewa. Wazee wawili walilia. Mbao nzuri zimehifadhiwa, na mimbari imo katika darasa la madrasa, imefunikwa. Tunaswali ndani ya hema uani kwa madrasa.

Msingi umechimbwa katika udongo mwekundu, mgumu, wa kuaminika. Mawe ni ya kukatwa kwa mashine. Lori moja la kokoto lilikuja pungufu na tukalirudisha likiwa halijashushwa. Mengine ya mwezi huu ni kuchimba, kumwaga na kungoja zege lishike.

Fundi aliniita kwenye ramani. "Mama mwalimu, hii sehemu ya mbele iliyoingia ukutani, ni ya sanamu?" Nikamwambia hatuna sanamu. Ni mahali anaposimama imamu, mbele ya wote, na ule mpindo unarudisha sauti yake nyuma kwa waliomfuata, maana anasoma akiwa ametupa mgongo. Akafikiri. Kesho yake alikuja na pendekezo la kuipiga plasta laini ya chokaa badala ya kuipachika vigae, ili sauti isivunjike. Mihrabu yetu itajengwa kwa pendekezo lake.

Novemba 2024

Amefariki mzee wetu mmoja, aliyesilimu akiwa kijana na kuadhini hapa miaka mingi. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Ndugu zake wote ni Wakristo, pamoja na watoto wawili na wajukuu wengi. Walikuja, na walikuja wengi, kama inavyostahili kwa mtu aliyependwa. Kuosha kulifanyika nyumbani kwa jirani kwa kuwa hatuna chumba. Kisha jeneza likaletwa kiwanjani. Binti yake mkubwa, mama mtu mzima mwenye mitandio miwili aliyoazimwa asubuhi hiyo, alinijia akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, sisi tukae wapi?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Walisimama barabarani, kwenye jua, wakimtazama baba yao akiswaliwa ng'ambo ya lundo la mawe na mchanga. Magari yalipita kati yao na yeye.

Kikao cha Jumapili hakikuwa na ajenda nyingine. Yule mama wa Aprili hakusema neno, na hakuhitaji kusema. Familia nyingi za Majengo ziko hivi: mume Mwislamu na shemeji wa kanisani, bibi wa Kiislamu na wajukuu wanaoimba kwaya. Kwenye harusi tunapanga mambo mapema. Kifo hakitoi nafasi hiyo, maana sisi tunazika haraka, na ndugu anafika akiwa hajui avue viatu au asivue, aingie au asiingie.

Basi ile pembetatu imepewa kazi. Swala ya maiti haina rukuu wala sijida. Watu wanasimama, wanatoa takbira nne, wanaomba, wanatoa salamu. Kwa hiyo inaswalika uani vizuri kabisa, na hata Madina maiti waliswaliwa uwanjani. Jeneza litawekwa mbele, safu zitajipanga ndani ya ua zikielekea ukumbi, na nyuma yake, kwa urefu wote wa ukuta wa barabarani, tutajenga baraza la mawe lenye kivuli, kama zile baraza za nje ya nyumba za Lamu ila hili litazame ndani. Hapo watakaa ndugu wasio Waislamu, wanaume na wanawake, wamevaa viatu vyao, karibu kiasi cha kusikia kila takbira. Lango litakuwa pana na halitakuwa na kizingiti, ili jeneza lipite na kiti cha magurudumu kipite.

Mjumbe mmoja aliuliza kama si vibaya kuwaingiza wasio Waislamu ndani ya mipaka ya msikiti. Ustadh alijibu kwa utulivu kwamba vitabu vya sira, yaani vya maisha ya Mtume, vinasimulia ujumbe wa Wakristo wa Najran ulivyopokewa ndani ya msikiti wa Mtume wenyewe. Swali likaishia hapo.

Gharama imepanda. Kamati imeondoa vioo vya rangi na mapambo ya jasi ya dari ili baraza lipatikane. Naliandika hili ili aliyechangia mapambo ajue pesa yake imekwenda wapi, na kama hataki, mweka hazina atamrudishia.

Januari 2025

Kuta zimefika kwenye lenta. Alhamdulillahi.

Mfadhili mmoja, mzaliwa wa hapa anayefanya biashara nje ya nchi, amejitolea kulipia mnara wa mita 25, gharama yote, kwa sharti kwamba uwe mnara. Ni mtu mwema, na mama yake alisoma katika madrasa hii. Kamati iligawanyika karibu nusu kwa nusu.

Upande wangu ulikuwa huu. Mnara ukishasimama hauleti kitu, unadai rangi na umeme. Msikiti una imamu wa kulipwa, maji ya kulipwa, mwalimu wa madrasa ambaye mara nyingine hulipwa kwa dua. Umar bin al-Khattab alipopata shamba Khaibar na kumuuliza Mtume alifanyie nini, aliambiwa akipenda azuie asili yake na atoe sadaka matunda yake. Huo ndio msingi wa wakfu. Msikiti wa Jamia wa Nairobi, uliojengwa kati ya 1925 na 1933, unapendwa kwa makuba yake matatu, lakini wanaoujua kwa ndani watakutajia pia maktaba yake na maduka yake.

Mwenyekiti alimpigia simu mfadhili mwenyewe. Alimwita "mwanangu," akamuuliza habari za watoto, akamweleza habari za yule mzee aliyeswaliwa huku watoto wake wako barabarani, kisha akamwomba abadilishe nia yake iwe fremu tatu za maduka upande wa soko, wakfu kwa msikiti. Simu ilikuwa ndefu. Mfadhili amekubali. Ombi lake moja ni kwamba msingi wa mnara mfupi uwekwe kwenye pembe ya ua, ili siku moja atakayeweza aujenge. Tumekubali kwa moyo mkunjufu, na yule kijana wa picha za simu ndiye aliyepewa kusimamia msingi huo.

Machi 2025

Ramadhani hemani. Usiku ni baridi, watu wanaswali tarawehe wamejifunika mablanketi, na hakuna aliyekosa kurudi.

Hema limetufundisha jambo ambalo ramani haikuweza. Tulichora safu chini kwa chokaa, vipimo vilevile vya ukumbi mpya, safu tatu za wanawake. Usiku wa kwanza wa tarawehe tukajaa, usiku wa pili kina mama wakaswali nje. Basi kizuizi cha mbao kitatengenezwa kiwe na magurudumu na breki, na mwezi wa Ramadhani kitasogezwa safu moja mbele. Ningependa ziwe safu nne mwaka mzima. Kamati imesema tuangalie kwanza Ijumaa za kawaida zitakuwaje.

Futari ya kila jioni inapikwa na nyumba tofauti: uji wa pilipili manga, kaimati, maharage ya nazi, na githeri kutoka kwa wale wa upande wa mlimani. Majirani wasio Waislamu walianza kuja wiki ya pili, kwanza watoto, kisha mama zao wakiwafuata watoto. Kanisa jirani limetuazima viti vya plastiki bila malipo. Tulivirudisha vimeoshwa, vikiwa na sinia la kaimati juu.

Juni 2025

Paa limekaa. Tumeacha ukanda wa madirisha chini ya paa pande zote, mwanga unaingia juu na kushuka ukutani taratibu. Pwani msikiti huachwa wazi ili upepo upite. Huku Juni na Julai upepo huo ungewafukuza wazee, kwa hiyo madirisha ya chini ni madogo na yanafungika, na hewa moto hutokea juu.

Kuba liko, dogo, juu ya mihrabu, na chini yake kuna tundu la mwanga. Vijana wameridhika, nami pia, kwa sababu lina kazi.

Maji ndiyo yaliyonifurahisha zaidi. Paa la ukumbi, vyumba na baraza kwa jumla ni takriban mita za mraba 240. Milimita moja ya mvua juu yake ni lita 240, na ukitoa kinachopotea kwa kuruka na kusafisha paa, zinabaki kama lita 190. Mvua nzuri ya milimita 30 inatupa zaidi ya lita 5,500, na tuna matanki mawili ya lita 10,000 kila moja. Hadithi sahihi inasema Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja, yaani maji yasiyofika lita. Bomba lililoachwa wazi linamwaga mara kadhaa ya hayo kwa mtu mmoja. Tumeweka mabomba ya kubonyeza yanayojifunga yenyewe, na vikalio vya kukaa kwa wazee. Maji ya udhu yaliyotumika si najisi, basi yana bomba lake mbali na la vyoo na yanakwenda kwenye migomba na mti wa kivuli uani.

Tanki moja lina bomba la nje, upande wa barabara, kwa yeyote apitaye. Hili halikujadiliwa hata dakika tano.

Septemba 2025

Tumehamia ndani, ingawa haijakamilika. Sauti ya imamu inafika safu ya mwisho bila kipaza sauti. Fundi alikaribishwa siku ya kwanza, akakaa barazani, na alipoisikia sauti ikirudi kutoka mihrabuni aliinua kidole gumba kwangu.

Adhana. Kenya ina kanuni za kelele za 2009, na sisi hatutaki kungoja barua. Kamati ilikwenda nyumba kwa nyumba kuwauliza majirani. Uamuzi ni kwamba Alfajiri kitumike kipaza sauti kimoja kidogo kinachotazama Majengo, na swala nyingine sauti ya kiasi. Wiki ya kwanza akaja mama auzaye mboga sokoni, si Mwislamu, akilalamika kwamba amechelewa gari la alfajiri kwa kuwa hasikii tena. Tumekigeuza kipaza sauti nyuzi chache kuelekea kwake, baada ya kuwauliza walio katikati.

Baraza limetumika tayari, mara ya kwanza kwa mazishi ya mama mmoja mwenye ukoo mkubwa wa Wakristo. Walikaa, walisikia, na baada ya salamu ya mwisho walisimama wakapeana mikono na waliokuwa wamemswalia. Katika siku za kawaida hukaliwa na wanafunzi wanaongoja matatu na wazee wanaobishana siasa, na kamati imekataa pendekezo la kuweka kibao cha kuwakataza.

Yaliyobaki: mfereji wa paa upande wa mashariki unavuja kwenye kiungo, meza za madrasa hazijalipiwa zote, na mlango mkuu wa mbambakofi uko kwa mchongaji Lamu, utakuja na lori la mwezi ujao. Fremu mbili za maduka zimepata wapangaji, ya tatu bado. Fundi wa vigae anaanza Jumatatu na chumba cha kuoshea maiti, halafu vyoo. Mwenye kuweza kusaidia kubeba vigae kutoka barabarani aje saa mbili asubuhi na glavu zake. Hesabu ya fedha ya mwezi itabandikwa kwenye ubao wa lango baada ya swala ya Ijumaa.